Ukuta Usioonja Saruji

Mkuu aliupiga teke mfuko wa saruji, na mfuko ukamrudishia. Alizunguka stoo nzima akirukaruka kwa mguu mmoja, amekishika kidole gumba cha mguu wa pili, akilaani paa, mvua na aliyevumbua saruji.

Mifuko yote sitini ilikuwa imegeuka mawe. Miezi minane aliifungia humo kwa kufuli mbili, asimpe mtu hata kikombe cha kuzibia ufa, eti wataiiba. Paa likavuja, saruji ikaganda. Sasa kipande cha ukuta wa nyuma kimeanguka, na Ijumaa anakuja mkaguzi kutoka makao makuu. Akilikuta lile pengo, Mkuu atavuliwa cheo, na alikuwa amebakiza miaka miwili tu astaafu nacho.

"Niitie Fundi," alimwambia msaidizi wake.

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Miaka tisa yuko pale, hajawahi kuchelewa kazini hata siku moja, wala kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Mkuu alimpendea hilo. Watumishi wengine walikuwa wakifiwa na shangazi kila mwezi.

"Saruji ya nini, Mkuu?" Fundi aliuliza. "Tutafyatua matofali yenye meno. La juu linaliuma la chini, basi. Hapo katikati hapaingii kitu."

"Halafu usimame hivihivi?"

"Utasimama. Sukuma mpaka uchoke, hautikisiki. Ule haubomoki, Mkuu. Unafunguliwa tu, kuanzia juu, tofali moja moja."

"Unafunguliwa?"

"Kwa ajili ya marekebisho."

Mkuu nusura amkumbatie. Marekebisho! Huyu mtu anaona mbali.

Fundi akachagua wenzake kumi na wawili, wakaifanya kazi ile kama wanajenga kwao. Ile mifuko iliyoganda ikazikwa kwenye msingi pamoja na aibu ya Mkuu. Jumatatu ukuta ulifika magotini, Jumatano ukampita mtu kimo. Jua kali, lakini hakuna aliyelalamika, hakuna aliyetegea, na walikuwa wakiimba. Alhamisi Mkuu akawaletea kreti nzima ya soda, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu ashike ofisi.

Mkaguzi akafika, mama wa makamo mwenye miwani, asiyeamini kitu. Aligonga tofali kwa kalamu. Akauegemea ukuta. Akausukuma kwa bega, kisha kwa mgongo, viatu vikichimba vumbi. Mwisho akamwamuru dereva ausukume kwa gari, polepole. Gari likazimika.

"Mmetumia mifuko mingapi ya saruji?"

"Hata kijiko, mama."

Mkaguzi akavua miwani.

"Miaka thelathini nakagua majengo, sijaona kitu kama hiki," mkaguzi alisema. "Nitaagiza vituo vyote vijenge hivi."

Mkuu alitaka kulia kwa furaha. Akawakusanya watumishi wote ofisini, hata wale wa getini, waje wasikie bosi wao akisifiwa. Mkaguzi akahutubia, wakapiga makofi, chai ikanywewa, akasifiwa tena. Ilichukua saa nzima, na Mkuu aliona fupi.

"Sasa nipeleke kwa huyo Fundi wako nimpe mkono," mkaguzi akasema.

Wakaenda wote nyuma. Jukwaa la kujengea lilikuwepo. Chupa tupu za soda zilikuwa zimepangwa kwenye kreti. Ukuta umenyooka, kila tofali mahali pake. Mkuu akaita, hakuna aliyeitika. Akatuma watu vyooni, jikoni, hadi stoo, wakarudi mikono mitupu.

Msaidizi akatoka nje kupitia getini, akazunguka nyuma ya ukuta kwa nje. Alirudi amekumbatia sare kumi na tatu za wafungwa, zote zimekunjwa vizuri.