Vifuniko vya Bawaba

Muuzaji alikuwa bado anafungua picha za viyoyozi vipya, lakini mama mwenye kiwanda cha kushona hakuwa naye tena. Macho yake yalikuwa kwa fundi wa viyoyozi.

Miaka yote alimwamkia mzee huyu kutoka chini ya ngazi, "Shikamoo, Fundi!" na kujibiwa "Mmh." Akajisemea ana maringo, ila kazi anaiweza, maana joto halijawahi kuwasimamisha washonaji wake hata siku moja. Leo ndiyo kwanza amepanda mwenyewe juu ya paa.

Upepo ulikuwa ukimpokonya fundi kifuniko cha bati alichokuwa akikirudisha kwenye mashine kuukuu ya kiyoyozi. Alikikumbatia kama mtoto mkaidi, akakizuia kwa paji la uso huku mikono ikikaza. Na katikati ya midomo yake, zimebanwa safu nzima, skrubu.

"Shikamoo, Fundi," mama alisema.

"Mmh." Macho yalikuwa yanacheka.

"Sasa mama," muuzaji alikazania, "mashine za kawaida zina vifuniko vya skrubu. Vya bawaba, vinavyofunguka kama mlango, ni nyongeza. Wengi hawajisumbui."

"Weka bawaba."

"Kwa mashine zote?"

"Zote, baba."

Mama akasogea, akakiegemea kifuniko kwa bega lake, akakinga kiganja. Fundi akazitema skrubu humo moja moja, zikiwa bado na joto la mdomo.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Na shikamoo zile za nyuma zote, marahaba."