Kodi ya Magari ya Hidaya

Siku hizi kodi ya gari hailipwi kwa pesa, hulipwa kwa kumbukumbu. Ulaya hukata kwa mkupuo. Kwa kigari chake kimoja, Siwema wa Rotterdam alishatoa harusi yake nzima. Mdogo wake Hidaya, wa Houston, ana magari matatu.

"Huku wanakata kidogo kidogo, dada, hata huhisi," Hidaya alimringia kwenye simu ya video. "Utabanana na kisanduku hicho mpaka lini?"

Siwema akamwombea baraka, shingo upande.

"Mama hajambo?" Hidaya akauliza.

Mama walimzika Ramadhani iliyopita. Hidaya ndiye aliyezirai jeneza lilipotolewa nyumbani.

Siwema alimtazama anavyotabasamu, hana kilio wala ukiwa. Wivu ukamrudi, mkali kuliko ule wa magari.

"Hajambo," akajibu. "Anakusalimu."