Kitanda Kisicholegea

Kitanda kilikwama mlangoni, nusu ndani, nusu uani. Seremala kijana aliyekitengeneza, mume wa miaka kumi na tisa, alisimama akikitazama huku jasho likimtiririka. Mkewe, mdogo kuliko yeye na mimba yake imekwisha kuwa kubwa, alikuwa ndani ya chumba chao kipya, ufagio mkononi.

Baba mkwe aliuachia upande wake, akaangua kicheko.

"Mkwe wangu, kuoa umeweza, kupima mlango umeshindwa!"

Maseremala wote huunga kitanda humohumo chumbani. Huyu alikiungia karakanani, kwa gundi na vigingi vya mbao bila skrubu hata moja, maana alitaka kitanda kisicholegea maisha.

"Kikate miguu," mzee alisema, kicheko kimekwisha. "Au kiacheni, mrudi kwangu. Nyumba si mchezo wa watoto. Kueni kwanza."

Kijana aliokota msumeno. Akapitisha kidole gumba kwenye kiungo, pale alipopiga msasa mpaka mbao mbili zikawa kama moja. Kisha akauweka msumeno chini na kuchukua nyundo na patasi.

"Mama watoto, sogea nyuma. Naing'oa fremu ya mlango. Jua halitazama kabla sijairudisha."

"Wewe!" mzee akamaka. "Ukishairudisha, hicho kitanda hakitoki humo tena!"

"Ndiyo, baba," binti yake akaitikia kutoka ndani. "Shika upande wako."