Kodi ya Nyayo

Kanga ndiye aliyemletea Punda habari kwamba Fisi, mtoza kodi, ameipandisha kodi ya kila mnyama anayebeba mzigo wa mwingine. Zamani mbebaji alitoa unyayo mmoja; sasa atatoa zote nne.

"Ngamia ameshalipa," Kanga alinong'ona. "Anapita mchangani bila kuacha alama. Watoto wake wanamtafuta mpaka leo."

Punda alimtazama mwanawe, ambaye kila siku humfuata kwa nyayo zake.

Mara Fisi akatokea na gunia mgongoni. Ndani yake mlisikika vishindo vya miguu mingi.

"Haya, mama, lete nyayo."

"Shikamoo, bwana mkubwa. Hilo gunia ni lako?"

"Langu wapi? La Mfalme. Mimi nambebea tu."

"Kumbe nawe ni mbebaji," Punda alisema polepole.

Fisi alicheka, kisha akageuza shingo kulitazama gunia. Gunia lilikuwa limefunguka lenyewe. Alipogeuka kukimbia, mchanga nyuma yake ulibaki laini, bila alama.

Asubuhi iliyofuata Punda alijitwika mzigo wake, akamtangulia mwanawe. Walisikia hatua za mnyama wa tatu zikiwafuata, lakini kila alipogeuka, Punda aliona nyayo zao wawili tu.