Anayeitwa Butoyi

Kengele ya saa sita mchana ilipotulia, sauti ikaja tena, ya mtoto, kutoka upande wa mlango unaotazama ziwa.

"Butoyi."

Frida, aliyekuwa akifagia kati ya mabenchi, aliweka ufagio chini na kutoka bila kuaga. Wanakwaya walikwisha kuhamishia mazoezi yao shuleni, na wazee waliozoea kuja kusali mchana siku hizi walibaki nyumbani wakisingizia magoti. Kanisani alisalia Mama Bukuru na pasi yake ya mkaa, akinyoosha vitambaa vya altare kule sakristia. Yeye angemkimbiaje mwanawe?

Padre Thobias, paroko, alikuwa mgeni huku Kigoma. Alihamia kutoka Songea. Aliingia, akavuta kiti.

"Mama, huyu Butoyi ni nani?"

"Ni mwanangu, Padre. Sisi Waha, pacha wa kwanza tunamwita Bukuru, wa pili Butoyi. Bukuru si huyu sakristani wako anayepiga kengele? Butoyi alizama ziwani wakiwa bado wadogo."

Padre alijikuna kidevu. "Basi anajitaja ili tumkumbuke. Marehemu anaomba sala. Jumamosi tutamwombea misa, na kaburi lake tutalibariki."

Mama Bukuru alishukuru, akarudisha pasi kitambaani. Hakuwa amemweleza Padre yote.

Siku ile ya kuzama alikuwa ufukweni Kibirizi akianua dagaa wake aliposikia yowe. Alikimbia mpaka ukingoni mwa maji. Alimkuta mmoja wa pacha wake amesimama mchangani, kaptura yake kavu, mkononi ameshika rozari ya mbao ya Bukuru, ile ambayo Bukuru alikuwa haivui shingoni hata akilala. Mwingine alikuwa majini, na wavuvi walikuwa wakipiga mbizi kumtafuta. Watoto wale walifanana kiasi kwamba baba yao mzazi alikuwa akiwakosea majina kila siku. Rozari ndiyo iliyomwambia mama. Alimkumbatia mwenye rozari, akalia kwa sauti kubwa, "Asante Mungu, umeniachia Bukuru wangu."

Mtoto alimtazama tu, hakusema kitu.

Neno lile lilimtafuna Mama Bukuru miaka yote. Alishukuru wakati mwanawe mwingine yuko chini ya maji. Tena alijua lilitoka wapi. Hakuna mtu aliyewahi kumwita Mama Butoyi. Hata mapenzi yake, akijihukumu kwa haki, yalimwegemea yule mkubwa, mchangamfu, aliyekuwa akigonga masufuria na kusema atakuja kuwa mpiga kengele wa kanisa. Butoyi alikuwa mtoto wa kimya, wa kujibanza nyuma ya kaka yake. Bila shaka alilisikia neno lile huko majini, na sasa, mama mwenyewe akiwa na moyo mgonjwa ambao madaktari hawaupi muda mrefu, amekuja kumdai. Mama Bukuru alitaka jambo moja tu kabla hajafa: mwanawe amsamehe, apumzike.

Jioni alimweleza Bukuru habari ya misa. Bukuru alikuwa ameketi mlangoni, kiganja mfukoni, akipekecha punje za rozari ile ile. Shingoni hakuivaa tena, aliiweka mfukoni tangu utoto. Na tangu siku ya Kibirizi ule uchangamfu wake wote ulikwisha, akawa mtu wa maneno machache, na watu wakasema ndivyo ilivyo kwa pacha aliyeachwa.

"Msimwombee Butoyi, mama," alisema.

"Kwa nini, baba?"

"Haitasaidia."

Mama Bukuru alidhani ni uchungu unaosema, akamwacha.

Jumamosi kanisa lilijaa. Watu walikuja toka Ujiji na Mwandiga, maana udaku una nguvu kuliko hofu. Padre alimtaja marehemu Butoyi kwa sauti iliyofika nje, na waumini wote wakamwombea raha ya milele. Misa ikaisha, sauti isisikike. Watu walimpa Mama Bukuru mkono, na Frida akaenda kuuokota ufagio wake kana kwamba hakuwahi kuukimbia. Kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze, Mama Bukuru alijisikia mwepesi.

Kisha ikatimu saa sita. Bukuru alivuta kamba, kengele ikalia, ikatulia.

"Butoyi."

Safari hii sauti ilikuwa ndani, karibu kabisa, ya mtoto aliyechoka kungoja. Watu walikimbilia mlango mkubwa wakikanyagana. Padre alinyunyiza maji ya baraka huku na huku. Mama Bukuru hakukimbia. Alipiga magoti kwenye sakafu, machozi yakimtoka.

"Butoyi, mwanangu, nisamehe. Nilimkumbatia kaka yako nikakuacha wewe majini. Nilikosa. Nakupenda, baba, nakupenda kama ninavyompenda yeye."

"Butoyi."

Nyuma yake kamba ya kengele iliachiwa, ikabembea. Sakristani alimpita mama yake taratibu, akaenda mpaka mlango unaotazama ziwa. Hapakuwa na mtu pale, ila kizingiti kilikuwa kimelowa. Alichuchumaa, akatoa rozari mfukoni, akainyoosha mbele yake, chini, kwenye kimo cha mtoto.

"Naam, kaka," aliitika. "Hii hapa. Bado nimekushikia."