Nusu Kichwa

Zaituni aliopolewa kisimani akiwa amesukwa nusu kichwa. Wasusi wote wa mji waliwaambia polisi kwamba siku ile hawakumwona.

Bi Mwanajuma, mwosha maiti, alizifumua zile nywele, akaziosha, akazichana. Salha, msusi aliyeomba mwenyewe kuja kumsaidia, alimimina maji bila kuinua macho. Kila msusi ana mkono wake wa kusuka, na wa Salha sasa ulikuwa umefumuliwa. Akashusha pumzi.

Bi Mwanajuma aligeuka kuchukua sanda. Aliporudi, nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa upya, mistari myembamba ikipinda kuelekea sikioni.

“Mbona umemsuka tena, mwanangu?”

“Sijamgusa, bibi. Birika hili hapa mkononi.”

“Wajukuu zangu unawasuka hivi hivi.”

Salha alikitazama kichwa. Katika nusu iliyobaki lilikuwa limechomekwa chanuo lenye jino moja lililovunjika, lile alilolipoteza kisimani, bado likichuruzika maji.

Nje, polisi walibisha hodi. Salha aliweka birika chini, akakaa nyuma ya kichwa cha mteja wake, akalichomoa chanuo na kuanza kugawa mstari wa kwanza.