Msiba wa Masaka, Mkeka wa Munuki

Wewe umewahi kufiwa na mama ukiwa ugenini, ukakanda unga kama siku nyingine?

Mimi nilifanya hivyo, hapa mtaani Munuki, ng'ambo ya mpaka. Simu kutoka kwetu Masaka ilikuja Jumatatu, na siku ya pili wakamzika. Sikumwambia mtu. Kwetu msiba uko pale maiti ilipo, kwa hiyo niliona aibu kulia kwenye uwanja wa watu wengine.

Ijumaa jirani yangu Natalina alikuja kununua chapati, akanitazama machoni, akauliza nina nini. Nikamwambia, nikidhani atanipa pole aende zake.

Alizima jiko langu. Akatandika mkeka mlangoni, akanikalisha, akaanza kuutoa unga uliokaukia kwenye kucha zangu, kidole kimoja kimoja, kwa ncha ya njiti ya ufagio. Wanawake majirani walipouona mkeka wakaja, wakavua ndala, wakakaa wamenyoosha miguu. Miaka sita nimeosha masufuria kwenye misiba yao, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja watakuja kwenye wangu.

“Wewe Mama Chapati, kichwa chako kigumu,” Natalina alisema. “Siku tano unatuuzia chapati, na mama yako amekufa?”

“Maiti iko Masaka.”

“Na mtoto wake iko wapi? Sisi tunakalia msiba pale mtoto iko.”

Alikuwa amefika kwenye kidole gumba. Hakuinua macho.

“Nilikuwa nataka mtu wa kulia naye,” nikasema. “Tangu Jumatatu.”